Sanduku la makufuli matatu: nani anatawala programu isiyo na mwenyewe?

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

KATIKA vikundi vingi vya akiba vya akina mama wanaovuka mpaka na mboga, unga au vitambaa, sanduku la pesa huwa na makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na yule anayelaza sanduku nyumbani kwake huwa hana hata ufunguo mmoja. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa tusi. Aliyewahi kucheza ikimina huku Gisenyi, au likelemba ng'ambo ya pili mjini Goma, anajua kwamba mali ya wengi hulindwa kwa kanuni kwanza, urafiki hufuata.

Sasa hebu fikiria mali ya wengi ambayo haiwezi kutiwa ndani ya sanduku. Haina uzito, hainyeshewi na mvua, na mtu anaweza kuinakili mara elfu moja bila ile ya kwanza kupungua. Watu wanaoitengeneza wengi wao hawajawahi kuonana kwa sura. Mmoja yuko Eldoret, mwingine Kampala, mwingine Indiana kule Marekani. Mali hiyo ni programu huria za kompyuta, na huenda msomaji unayo moja mfukoni hivi sasa. Simu nyingi zinazouzwa Gisenyi na Goma zinaendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland.

Kitu kama hicho hutawaliwaje? Nani anaamua kipi kiingie na kipi kikataliwe? Na wakigombana, nani anabaki na nyumba?

Maswali haya si ya wataalamu peke yao. Programu za aina hii zimebeba kumbukumbu za wagonjwa katika nchi yetu, Kenya na Uganda. Aidha, vijana wengi waliosomea kompyuta wanatafuta pa kuanzia, na vyama vya ushirika vinatamani programu ya kuweka hesabu isiyodai malipo ya kila mwezi kwa dola. Wote hao watakutana na kanuni zinazosimuliwa hapa, wapende wasipende.

Bure si huria

Tuanze na neno linalochanganya watu wengi. Programu huria ni ile ambayo anayeipata hupata pia msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta la kufanya, pamoja na ruhusa iliyoandikwa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Ruhusa hiyo huitwa leseni. Kitu cha bure tu ni jambo jingine kabisa. Mwenye duka akikuazima mizani yake, umeipata bure, lakini siku mkikosana ataichukua, nawe utabaki na magunia yako bila kujua uzito wake.

Yaliwapata hata wakubwa wa fani hiyo. Tangu mwaka 2002 watengenezaji wa Linux walikuwa wakitunza kazi yao kwa kutumia BitKeeper, programu ya kampuni moja iliyowaruhusu kuitumia bila malipo, kwa masharti. Wapo walionung'unika tangu mwanzo kwamba si busara kujenga nyumba ya wote juu ya kiwanja cha mtu mmoja. Mwaka 2005, baada ya ugomvi juu ya masharti hayo, mwenye mali aliondoa ruhusa. Torvalds akakaa chini mwezi Aprili mwaka huo akaandika programu ya kuziba pengo, akaiita Git, na kuitoa kwa wote. Hivi leo ni vigumu kumpata mwandishi wa programu popote duniani asiyeitumia Git.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya jumuiya ya namna hii huandikwa kabla watu hawajakusanyika: leseni. Ndiyo katiba ya chama. Mtu anayechangia kazi yake leo anataka kujua kwamba kesho hatakuta mlango umefungwa na mwenyekiti ameondoka na ufunguo.

Kutoka Mosoriot hadi Rwinkwavu

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Asili yake ni magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, kulianzishwa mfumo mdogo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa, chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kisha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zikaanza kufika kwa wingi, wagonjwa wakaongezeka, na mfumo ule mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walianza kubuni mwingine. Shirika la Partners In Health, lililokuwa na shida ileile mahali pengine, lilijiunga nao badala ya kila mmoja kulima shamba lake.

Mwaka 2006 OpenMRS ilianza kufanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikafika hapa Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu upande wa mashariki, ambako Partners In Health ilikuwa ikisaidia wagonjwa wa UKIMWI. Baadaye Wizara ya Afya iliisambaza katika hospitali na vituo vingine vya afya nchini.

Msomaji atauliza: hospitali ya Eldoret na ya Rwinkwavu hazifanani, lugha si moja, fomu si zile zile, sasa zitatumiaje programu moja bila kugombana? Hapa ndipo palipo na somo kubwa la uendeshaji. Waanzilishi waliigawa programu katika sehemu mbili. Kuna kiini, ambacho hulindwa sana na hubadilishwa kwa uangalifu. Halafu kuna vipande vya kuongeza, ambavyo kila hospitali inaweza kujitengenezea na kuvichomeka bila kuomba idhini ya mtu. Tena wakaweka kamusi ya pamoja ya mambo ya kitabibu, ili kila kipimo na kila ugonjwa viwe na mahali pake, hata kama fomu za hospitali mbili ni tofauti.

Mwenye akili ya soko ataelewa haraka. Ukitaka kila muuzaji akuombe ruhusa hata ya kupanga nyanya zake, soko litalala. Lakini ukimwacha kila mtu ahamishe nguzo za soko atakavyo, paa litawaangukia. Jumuiya nyingi za programu hufa kwa sababu waanzilishi hawakutofautisha nyanya na nguzo.

Nchi yetu nayo haikuwa ya kupokea tu. Mtandao wa intaneti vijijini ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na kituo kimoja hakikuweza kutegemea seva iliyoko mbali. Waliofanya kazi hapa Rwanda na Partners In Health walitengeneza kipande cha kuwezesha vituo kufanya kazi bila mtandao na kulinganisha kumbukumbu mtandao unaporudi. Kipande hicho kikawekwa mahali pa wote. Aliyekihitaji nchi nyingine alikichukua.

Jambo jingine la OpenMRS linalostahili kutazamwa ni ngazi za kuaminiwa. Mgeni hakabidhiwi kiini siku ya kwanza. Huanza chini kabisa, hupewa kazi ndogo zilizotengwa kwa ajili ya wanaoanza, kazi yake hukaguliwa na waliotangulia, na kadiri anavyoonyesha uaminifu hupanda, mpaka ngazi ya tano. Hakuna anayeuliza umesoma wapi wala baba yako ni nani. Kwa mtu aliyerudi nyumbani akiwa na vyeti vya Kampala, Bukavu au Dar es Salaam, na akazungushwa ofisi hadi ofisi kwa sababu ya vyeti hivyo, huu ni utaratibu wa kupendeza: kazi inaonekana, na kila mtu anaweza kuisoma.

Mzee anapochoka

Tatizo la uongozi ni gumu zaidi. Jumuiya nyingi huanza na mtu mmoja mwenye kipaji, naye huwa mwamuzi wa mwisho. Kwa Linux ni Torvalds, na hadi leo neno lake lina uzito kuliko la mwingine. Kwa miaka mingi alijulikana pia kwa kuwatolea maneno makali watu ambao kazi zao hazikumpendeza. Wapo waliomtetea wakisema ukali ndio uliolinda ubora. Lakini waliokimbia hawakuwa na nafasi ya kusema, na hiyo ndiyo hasara isiyohesabiwa katika kikundi chochote: hujui ni nani ambaye angekuja. Mwezi Septemba mwaka 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa wiki kadhaa, na jumuiya ikapitisha kanuni mpya za mwenendo. Alirudi mwezi Oktoba.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, aliachia ngazi. Kilichomchosha ni mabishano marefu juu ya badiliko moja dogo, ambalo mtu asiye wa fani hiyo asingeliona hata kwa miwani. Aliliidhinisha, kisha akasema basi. Hakuteua mrithi, aliwaachia wenzake waamue watakavyotawaliwa. Wakajadili miezi kadhaa, wakapiga kura, na mwanzoni mwa mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Python haikuyumba. Vijana wetu wanaofundishwa lugha hiyo leo wengi hawajui kwamba iliwahi kuwa na mzee mmoja.

Wapo waliochukua njia nyingine mapema zaidi. Jumuiya ya Debian, inayotengeneza mfumo wa kompyuta juu ya Linux, iliandika mkataba wake na watumiaji mwaka 1997 na katiba yake mwaka 1998. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama. Mambo yao huenda polepole, na huwa wanabishana sana. Lakini wamevuka zaidi ya miaka 30 tangu mwaka 1993, na makampuni mengi yaliyowacheka hayapo tena.

Mlango wa kutokea

Kuna silaha moja ambayo wanachama wa ikimina hawana lakini watu wa programu huria wanayo. Mwenyekiti wa kikundi cha akiba akiharibu, unaweza kuondoka, ila pesa zako zitabaki kwenye ugomvi. Katika programu huria unaondoka na kila kitu. Leseni inakuruhusu kuchukua nakala nzima, kuipa jina jipya, na kuendelea na safari na wale watakaokufuata.

Kiswahili kina fungu lake katika kisa cha namna hiyo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kabla ya kutafsiri chochote ilibidi wakubaliane juu ya orodha ya maneno, maana kila mfasiri akichagua neno lake kwa kitufe kilekile mtumiaji atapotea. Wakati huo kampuni ya Microsoft ilikuwa bado haijatoa programu yake ya namna hiyo kwa Kiswahili.

Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice. Wengi wa wachangiaji hawakuridhika na mlezi mpya. Mwezi Septemba mwaka huo walijitenga na nakala yao, wakaipa jina la LibreOffice na kuunda wakfu wa kuilinda. Mwaka uliofuata Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa wakfu wa Apache, lakini watu walikuwa wameshahama. Leo LibreOffice ndiyo inayoendelea kwa kasi, na ile ya kwanza inajikongoja.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mlango huo wa kutokea hutumika mara chache sana. Kugawanyika kunachosha pande zote mbili na kuwachanganya watumiaji. Kazi yake kubwa ni kumkumbusha kiongozi, kila asubuhi, kwamba anaongoza kwa ridhaa. Mimi huona hii ndiyo kanuni inayozibeba nyingine zote. Kiongozi ambaye wafuasi wake wanaweza kuondoka na mali yote hulazimika kusikiliza, hata kama tabia yake ni ngumu.

Hata hivyo mlango ulio wazi kwa wema uko wazi pia kwa wabaya, na mwaka 2024 dunia nusura ilipe gharama kubwa.

Mgeni mkarimu

Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja tu, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta michango mizuri. Mwaka 2022 watu wengine wasiojulikana wakaanza kumlaumu Collin kwamba anachelewa, wakimshinikiza akabidhi kazi. Naye alikwisha kueleza kwamba amechoka na afya ya akili yake si nzuri. Polepole Jia Tan akapewa funguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 akaficha ndani ya programu hiyo mlango wa siri, ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta nyingi sana duniani.

Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekuwa akipima kasi ya kompyuta zake. Aliona kwamba kuingia katika mashine kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Wengine wangepuuza. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Jia Tan akatoweka, na mpaka leo haijajulikana hadharani ni nani aliyekuwa nyuma ya jina hilo.

Wafanyabiashara wa mpakani wanamfahamu mtu wa aina hiyo: mteja anayelipa taslimu safari kumi ili umkopeshe safari ya kumi na moja. Ngazi za kuaminiwa ni nzuri, lakini mtu mwenye subira ya miaka miwili anaweza kuzipanda. Kilichokosekana katika xz ni ufunguo wa pili na wa tatu. Mzigo wote ulikuwa juu ya bega moja, na waliofaidika, yakiwemo makampuni tajiri, hawakuwahi kuuliza bega hilo linaendeleaje.

Ndiyo maana suala la pesa haliepukiki. Programu huria haina bei ya kuingilia, lakini mtu wa kuitunza anakula na analipa kodi ya nyumba. Sehemu kubwa ya fedha za mifumo ya afya katika eneo letu ilitoka kwa wafadhili wa nje. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi ya afya Afrika ilipoteza fedha ghafla. Leseni haikatiki kwa amri ya mfadhili, na msimbo haurudi Washington. Lakini mtu anayeujua msimbo huo akikosa mshahara atakwenda kutafuta kazi kwingine, na kumpata mwingine kama yeye huchukua miaka. Chama kinachotaka kutumia programu huria kitenge fungu la mtunzaji tangu siku ya kwanza, kama kinavyotenga la mlinzi wa ghala.

Lugha ya kikao

Limebaki jambo ambalo vitabu vya kigeni hulipitia juu juu, nalo linatuhusu sana. Majadiliano ya jumuiya nyingi hufanyika kwa Kiingereza. Anayekijua nusunusu huogopa kuchekwa, hunyamaza, na kikao humhesabu kuwa amekubali. Katika mji huu kuna watu walioishi Uganda wakasoma kwa Kiingereza, waliotoka Kongo na Kifaransa chao, waliokulia Tanzania na Kiswahili, na wote wana Kinyarwanda cha nyumbani. Jumuiya itakayowapa watu hao kazi ya kufasiri mijadala, si vitufe tu, itapata mawazo ambayo haijawahi kuyasikia.

Tumekwisha kuona nguvu ya mchango wa lugha. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, kikundi cha Kigali kiitwacho Digital Umuganda kiliwahamasisha watu kurekodi sauti zao wakisoma sentensi za Kinyarwanda, na zikapatikana zaidi ya saa 2,000. Kinyarwanda kikawa miongoni mwa lugha zilizo mbele kabisa katika hazina hiyo, mbele ya lugha nyingi za Ulaya. Sauti hizo zimetolewa kwa ruhusa isiyo na sharti lolote: mwanafunzi wa Rubavu anaweza kuzitumia, na kampuni kubwa ya Marekani vilevile, bila kumlipa aliyesoma. Wapo wanaoona huo ni ukarimu, na wapo wanaouliza kwa nini maskini ndiye amtangulie tajiri kwa zawadi. Mimi naona ni halali kuuliza, mradi swali liulizwe kabla ya kurekodi.

Jina la umuganda lina jambo jingine ndani yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majembe yakishawekwa chini, watu hukaa kikao. Jumuiya za programu zilizodumu nazo zina kikao chao, na huandika kila lililosemwa mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, ili aliyekuwa amelala Eldoret wakati wenzake wa Indiana wanajadili aamke akute sababu za uamuzi, siyo uamuzi mtupu.

Kwa kijana anayetaka kuanza, kazi ya kwanza kwa kawaida haihitaji hata kuandika msimbo. Tumia programu hiyo, uone inapokosea, kisha uandike taarifa: ulibonyeza nini, ulitarajia nini, kikatokea nini, na simu au kompyuta yako ni ya aina gani. Taarifa kama hiyo, ikiwa imeandikwa vizuri, huokoa siku nzima ya mtunzaji aliyeko mbali. Ataijibu, au atauliza swali, na hapo utakuwa umeshakaa katika kikao chao.